Ukishuka kwenye Gari la Msitu, Jibu Limeshaharibika

Wengi wanaoomba kazi za utafiti wa jamii na misitu hapa Nairobi hujiandaa kwa takwimu na ramani. Wanajua kuendesha R, programu ya takwimu, wanajua kuunda hojaji kwenye KoboToolbox, na ukiwauliza habari za sampuli wanajibu bila kusita. Kinachowaangusha hakimo kwenye tangazo la kazi, nacho ni hiki: walifika kijijini na nani? Mtafiti akishuka kwenye gari la kijani, nyuma yake askari wa msitu na bunduki, kisha akatoa tableti na kuuliza moto wa Februari ulianzaje, atapewa jibu lile lile kuanzia boma la kwanza hadi la mwisho: "Hatujui, ni watu wa kutoka mbali." Jibu hilo litaingia kwenye jedwali, litavishwa asilimia, na ripoti itatangaza kwamba wageni ndio chanzo kikuu cha moto.

Kuwasha moto msituni bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Kwa hiyo ukimuuliza mwanakijiji chanzo cha moto, unamtaka ajishtaki au amshtaki jirani yake. Sisi tunaofanya kazi hii tunaamini kwamba sehemu kubwa ya ubora wa data huamuliwa kabla swali la kwanza halijasomwa: umeingia na nani, majina umeyatoa kwenye orodha ya nani, na anayejibu ana cha kupoteza kiasi gani.

Kwa nini kazi hii itake mwanasosholojia au mwanauchumi badala ya mtaalamu wa miti peke yake? Kwa sababu moto wa misitu yetu kwa kiasi kikubwa huletwa na watu na huzimwa na watu. Moto wa radi ni nadra. Wanaowasha ni mrina asali aliyeacha mwenge ukivuta moshi chini ya mzinga, mchungaji anayetaka majani mabichi yachipue, mchoma makaa, mkulima anayeteketeza mabua kwenye kipande alichopewa chini ya mfumo wa shamba (kulima kati ya miche ya msitu huku ukiitunza), na wakati mwingine mtu mwenye hasira kwa sababu malisho yamefungwa. Misimu ni miwili, Januari hadi Machi kabla ya masika, na Julai hadi Septemba kabla ya vuli. Mlima Kenya uliungua vibaya mwaka 2012, ukaungua tena 2019. Na mara nyingi wa kwanza kukabili moto ni vijana wenye matawi mabichi na mapanga, walioitwa kwa simu, ambao hawana buti wala bima.

Ajira zenyewe zimetapakaa kuzunguka jiji. Huduma ya Misitu ya Kenya ina makao yake makuu Karura, kando ya Barabara ya Kiambu. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, iko Muguga. Gigiri kuna Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa na kituo cha kilimo-misitu cha ICRAF. Kasarani kuna RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani kilichoanzishwa mwaka 1975. Ongeza vyuo vikuu, na makampuni ya ushauri yasiyo na kibao mlangoni. Ukitafuta tangazo lenye neno "moto" utasubiri sana. Kazi hutangazwa kama mtafiti msaidizi, afisa wa ufuatiliaji na tathmini, mtaalamu wa masuala ya jamii, au mratibu wa ushirikishwaji. Tangu marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 kuna mlango mwingine: miradi ya kaboni ya ardhini, yaani ya kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na miti na udongo, ikiwa kwenye ardhi ya umma au ya jamii sharti iwe na makubaliano ya maendeleo na jamii, na angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya gharama za uendeshaji, iende kwa jamii hiyo. Lazima mtu akae aulize jamii hiyo ni akina nani, na moto ukipita kwenye msitu wa kaboni nani anabeba hasara. Mikataba mingi ni ya miezi, si ya miaka. Anayetaka kazi ya kudumu hadi kustaafu ajue mapema kwamba hapa atakuwa akiruka kutoka mradi hadi mradi.

Vibali vina mpangilio wake, na ukiupindua unarudi mwanzo. Kwanza kamati ya maadili ya utafiti iliyotambuliwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ambayo huombwa mtandaoni. Baada ya hapo ni ruhusa ya Huduma ya Misitu ikiwa unaingia msitu wa serikali, au ya Shirika la Wanyamapori ikiwa ni mbuga. Ukishafika kaunti unajitambulisha kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu, halafu chifu, halafu chama cha jamii cha msitu, ambacho kijijini hakuna anayekiita kingine ila CFA. Kosa la kawaida ni la kalenda. Wakati mzuri wa kuuliza habari za moto wa Januari hadi Machi ni katikati ya Machi na mwanzo wa Aprili, watu wanapokumbuka na kabla njia za Kinale na Lari kule Kiambu hazijageuka utelezi. Ukianza kutafuta vibali Januari utafika Juni, na Juni watu watakusimulia walichosikia redioni. Anza Oktoba.

Chifu apate barua, akujue, akupigie muhuri, kisha abaki ofisini kwake. Hilo huombwa kwa adabu na mapema: "Mzee, tunaomba utujulishe kwa watu kwenye baraza, halafu kazi ya nyumba kwa nyumba tuifanye wenyewe." Machifu wengi huelewa. Tatizo huwa kwa foresta, mkuu wa kituo cha msitu, ambaye kwa nia njema kabisa hujitolea gari na askari wawili. Gari likubaliwe siku ya kukagua mipaka na kinga za moto. Siku za mahojiano panda bodaboda, na umchague dereva ambaye hatumwi na kituo.

Sasa orodha. Karibu kila mradi huanza kwa kuomba orodha ya wanachama wa CFA, kwa sababu ipo, imepigwa chapa na ina namba za simu. Ila hiyo ni orodha ya waliolipa ada, si ya wanaotumia msitu. Mama anayebeba kuni kila Jumanne na Ijumaa huenda ameandikwa kwa jina la mumewe. Kibarua anayelima kipande cha mtu mwingine hayumo. Wachungaji wanaosogea na mifugo wakati wa kiangazi hawamo kamwe, na ndio wanaotupiwa lawama. Dawa yake ni kuhesabu nyumba upya, na kuongeza siku mbili au tatu za kukaa kwenye njia za kuingilia msituni, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ukiandika anayepita, anachobeba na anaelekea wapi. Kaa kwenye vichochoro pia. Getini hupita wenye risiti.

Ukubwa wa sampuli huharibiwa na kunakili. Karibu kila pendekezo la utafiti lina namba 384, inayotokana na uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5 kwa idadi kubwa ya watu. Ukiwa na kaya 2,400 tu, kanuni ya Yamane ya kukokotoa sampuli inakupa 343. Hadi hapo sawa. Lakini namba hizo zimedhani unachagua kaya moja moja kutoka eneo zima, na hakuna anayefanya hivyo. Tunachagua vijiji, kisha kaya 12 kila kijiji, kwa sababu mafuta ya gari si bure. Watu wa kijiji kimoja hufanana kwa mambo ya msitu kuliko unavyodhani: wanachota kuni upande mmoja, wanamwogopa askari mmoja. Kama mfanano huo, ukipimwa kati ya 0 na 1, ni 0.05, uzidishe kwa 11 (kaya 12 kasoro moja), ongeza 1, upate 1.55. Zidisha 384 kwa hiyo, kaya zinakuwa 595. Bajeti iliyoandikwa kwa 384 itaishiwa Naivasha.

Rudi kwenye swali la nani aliwasha. Ziko njia za kumlinda anayejibu, na inayotufaa zaidi ni ya kura ya siri kwa shanga. Chukua mfuko mdogo wa kitambaa kizito, usioonyesha ndani. Tia shanga sita za mbao zinazolingana ukubwa na uzito: moja nyeupe, moja nyeusi, nne nyekundu. Mhojiwa anatia mkono, anatoa moja, anaitazama ndani ya kiganja bila kukuonyesha. Ikiwa nyeupe, lazima aseme "ndiyo", hata kama si kweli. Nyeusi, lazima aseme "hapana". Nyekundu, aseme ukweli. Ndipo unasoma: "Katika miezi 12 iliyopita, uliwahi kuwasha moto msituni, kwa sababu yoyote, ukakushinda?" Akisema "ndiyo", huwezi kujua ni yeye au ni ushanga. Ila kwa kundi zima unajua. Tuseme kati ya watu 400, watu 120 wamesema "ndiyo", yaani asilimia 30. Ondoa asilimia 16.7 za shanga nyeupe, inabaki 13.3. Gawa kwa nne juu ya sita, unapata asilimia 20. Hilo ndilo kadirio la waliowasha moto ukawashinda.

Mambo yanayoiharibu mbinu hii yanajulikana. Kwanza, wengi hutumia dadu kwa sababu vitabu vinasema dadu, na kwenye nyumba za walokole dadu ni kamari. Mahojiano yanaishia hapo. Pili, wanaotumia maharagwe husahau kwamba rangi tofauti huwa na ukubwa tofauti na vidole vinajua. Tatu, na hili ndilo kubwa, aliyetoa nyeupe hukataa kutamka "ndiyo". Anaona ni kama kukiri mbele ya shahidi. Ukimaliza kazi ukakuta waliosema "ndiyo" hawafiki asilimia 16.7, hesabu itatoa namba hasi, na namba hasi mara nyingi maana yake watu hawakufuata ushanga. Kinga yake ni mazoezi kabla ya swali lenyewe: muulize "Umevaa kofia?" huku ushanga mmeuona wote wawili. Ametoa nyeupe, kichwa kiko wazi, anatakiwa kusema "ndiyo". Atacheka, atasema. Rudia hadi aseme bila kukutazama usoni. Ukiruka mazoezi haya ili uokoe dakika tano, umepoteza siku nzima. Na kumbuka gharama: kwa mfano ule wa asilimia 20, unahitaji watu karibu mara tatu ya swali la moja kwa moja ili upate uhakika ule ule. Kwa hiyo swali la shanga liwe moja, lile linaloweza kumfikisha mtu mahakamani. Mengine uliza kawaida.

Wakubwa wa Nairobi hupenda kusema kwamba setilaiti itamaliza ubishi. Setilaiti husaidia, lakini soma vipimo vyake. Kihisi cha VIIRS huona moto kwa kipande cha mita 375, yaani kama hekta 14. MODIS, kihisi kingine, kwa kilomita 1. Doa jekundu kwenye ukingo wa msitu laweza kuwa moto wa msitu au mabua ya mahindi upande wa pili wa ua, na hekta 14 hazitakwambia. Halafu kuna saa. VIIRS hupita karibu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Moto uliowashwa saa kumi jioni ukazimwa na wanakijiji saa mbili usiku hauonekani kabisa, na kwa utafiti wetu huo ndio moto wa maana kuliko yote, kwa kuwa ni ushahidi kwamba jamii iliweza. Ukitegemea setilaiti pekee, kijiji hodari kinaonekana kama kijiji ambacho hakikupata moto. Makovu ya kuungua kwenye picha za setilaiti ya Sentinel-2 hurekebisha sehemu ya tatizo, mawingu ya milima ya Aberdare yakiruhusu.

Kwa hiyo tunachapisha picha ya eneo kwenye karatasi ya A1, kipimo cha 1 kwa 10,000, ambapo sentimita moja ni mita 100 na karatasi nzima inabeba kama kilomita 8.4 kwa 5.9. Juu yake karatasi angavu na kalamu za wino mzito. Kikundi cha wanawake peke yao, wachungaji peke yao, warina asali peke yao, maskauti wa CFA peke yao. Ukiwachanganya, kalamu itashikwa na katibu na ramani itakuwa ya katibu. Waanze na mito na njia, si moto. Mkono ukishazoea karatasi, mipaka ya moto hutoka bila kuvutwa.

Upande wa ustahimilivu, yaani jamii inavyojikinga na moto na kuinuka baada yake, jihadhari na vipimo vilivyoletwa vizima kutoka Marekani. Vina sababu za kweli: moto wa Camp Fire wa Novemba 2018 uliteketeza mji wa Paradise, California, na kuua watu 85. Vinauliza juu ya paa, majani kwenye mifereji ya nyumba, bima, na barabara ya kukimbilia, na huko ndiko mahali pake. Kandokando ya Aberdare moto hauli nyumba mara nyingi. Unakula malisho ya miezi ya kiangazi, mizinga, kuni, na mabomba ya plastiki yanayoshusha maji kutoka msituni hadi kijijini. Hojaji isiyouliza habari za bomba la maji imekosa hasara ambayo kila kaya huihisi siku ya pili yake.

Tunachopima sisi ni saa. Moshi ulionekana saa ngapi, simu ya kwanza nani alimpigia nani, mtu wa kwanza alifika lini, na kisiki cha mwisho kilizimwa lini. Kumbukumbu za watu hupinda, ila simu hazisahau: mwombe mhojiwa afungue mwenyewe orodha ya simu alizopiga siku hiyo, au kundi la WhatsApp la kijiji ambamo picha ya moshi imebandikwa saa yake. Unaandika saa tu, si namba. Linganisha na daftari la kituo cha msitu. Tofauti kati ya simu ya kwanza na maandishi ya kwanza ya daftari husema mengi kuhusu kuaminiana, pengine kuliko maswali kumi ya "je, unaridhika na huduma". Kisha uliza waliokuja kuzima ni akina nani, na kila mmoja ana haki gani msituni: kipande cha shamba, kibali cha malisho, mizinga, au hana kitu. Weka safu hizo mbili pamoja. Hapo ndipo meneja wa msitu huacha kusinzia kwenye kikao, kwa sababu anaona kufungia watu malisho kunavyogusa idadi ya mikono inayomfikia siku ya moto.

Kuhusu wahojaji, neno moja: usilipe kwa fomu. Lipa kwa siku. Anayelipwa kwa fomu atajaza tatu chini ya mti. Weka saa ya kuanza na kumaliza zijirekodi zenyewe. Fomu ya dakika 45 iliyokamilika kwa dakika 11 haihitaji mjadala. Rudia asilimia 10 ya kaya kwa simu au kwa miguu, maswali matano yasiyobadilika, kama idadi ya mizinga na umbali wa mto.

Viwianishi vya nyumba, yaani alama za GPS za mahali ilipo, ni hatari kuliko majina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka ulinde vyote viwili, lakini watu hufuta majina wakaacha alama ya GPS yenye usahihi wa mita tano, na mita tano ni mlango wa mtu. Majina na viwianishi vikae faili moja, majibu faili nyingine, ufunguo kwa mtu mmoja. Mfadhili akitaka data ghafi, mpe ngazi ya kijiji, na kijiji chenye wahojiwa wachache kiunganishwe na jirani. Foresta naye ataomba. Ataomba kirafiki, juu ya chai, "majina mawili matatu tu". Jibu la kukataa liandikwe kwenye barua ya makubaliano tangu mwanzo, ili siku hiyo usitafute maneno.

Kwenye usaili wa kazi hizi, hapa mjini, jopo zuri halikuulizi nadharia. Linakupa kijiji kilichoungua, wiki sita na bajeti ndogo, kisha linauliza utafanya nini Jumatatu. Anayeanza na hojaji huwa ameshaachwa nyuma na anayeuliza nani ana orodha, nani hayumo ndani yake, na lori la msitu litaegeshwa wapi. Beba pia sampuli ya kazi: kurasa mbili za matokeo zilizoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya baraza. Wachache mno huwa nazo, kwa sababu miradi mingi humaliza fedha kwenye uchambuzi. Siku ya kurudisha matokeo iwekwe kwenye bajeti kama siku nyingine yoyote, na usafiri wake, na chai yake. Ramani za A1 zirudi pia: nakala moja CFA, moja kituoni, na ile ya wachungaji ikabidhiwe wachungaji wenyewe kwanza, waseme kama wanataka wengine waione.